Lori Ikijaa

Alhamisi.

Kumbe nimekuwa mjinga wiki mzima. Redio imekuwa ikisema waliolazwa na korona hawaongezeki, ni wale wale tu. Nikafurahi. Nikapanga Jumamosi niende Mau Narok nimtoe msichana wangu Chebet kwa nyanyake, kwenye nilimpeleka asipatwe na huo ugonjwa.

Leo tukipakia viazi kwa lori nikaambia watu ugonjwa inaisha. Mama Otis, mwenye huchagua viazi na sisi, akacheka. Bwanake hufagia wodi za hospitali.

"Baba Chebet, lori ikijaa karani huandika nini?"

"Huwacha kuandika."

"Na viazi zimeisha shamba?"

"Lakini redio imesema..."

"Redio inahesabu wenye wako kwa kitanda. Vitanda zilijaa kitambo. Wengine wanarudishwa nyumbani na panadol."

Nikakaa chini kwa gunia. Mwezi jana walirudisha mke wangu hivyo hivyo, ati apumzike nyumbani. Nilidhani hajazidiwa. Alifia hapa Bondeni, na hiyo hesabu yenye nimekuwa nikifurahia, yeye hayuko ndani.

Nimepigia Chebet sasa hivi. Ameuliza Jumamosi nafika saa ngapi, nguo ashapanga kwa begi.

Nimemwambia azitoe.