Mama yangu kwenye kadi ya "run"

Dada, nilikuwa naandika kadi ya tisini na tano ya "run", kila maana na kadi yake, lile neno moja la Kiingereza lililonilia miaka miwili kwenye kamusi yetu, mara mhariri mkuu akaniita niwapelekee wageni chai.

Nikamkuta anawasomea kadi zangu. Eti, "Hizi nimeziandika mwenyewe."

Akafika maana ya rangi kuchuja. Mfano niliuweka mimi: "Kitambaa cha mama kilichuja, mashati yote yakawa mekundu."

Akacheka. "Huyo ni mama yangu mzazi."

Mama yangu, dada. Niliyemzika mwaka jana. Yaani kachukua kazi, kachukua na mama.

Nikamimina chai.

Kadi nimeiacha nusu. Kesho naimalizia, ila kila mfano utakuwa na jina la mama, kamili, mpaka la babu. Awasomee.