Injini Iliyomuunguza Shemeji

Kiwanda cha Pamba,
Bunda.
17 Agosti 1969

Dada yangu mpendwa Jenoveva,

Salamu nyingi zikufikie huko Suguti, wewe na watoto. Natumaini kifua cha mama kimepata nafuu. Mimi ni mzima na kazi inaendelea.

Barua yako alinikabidhi Boke alipotoka huko kwenu. Umeniomba nikuandikie maneno ya mwisho ya shemeji Mayala, ili watoto wakikua wayasome. Nimekaa na ombi hilo wiki tatu.

Ile injini unaijua. Ilivuta mabehewa ya mizigo kati ya Tabora na Mwanza mpaka reli ikaichoka. Kiwanda kikainunua, ikavushwa ziwa kwa meli, ikang'olewa magurudumu na kukalishwa juu ya zege ili izungushe mashine za kuchambulia pamba. Shemeji alikuwaga anaisikiliza tu, anajua maji yamepungua. Lakini mwaka huu valvu ya kupunguzia mvuke ilikuwa inavuja kutwa, mashine zikawa zinazunguka kivivu, pamba ikarundikana mpaka uani. Meneja akatuambia wageni wa serikali wanakuja Ijumaa, na atakayechelewesha marobota ataitwa adui wa Ujamaa. Shemeji akamjibu kwamba injini imezeeka, isilazimishwe. Kisha akaenda kula.

Aliporudi aliikuta valvu imekazwa kwa waya. Akatufukuza wote mle ndani, akapanda peke yake kuifungua. Bomba likapasuka, mvuke ukamvaa.

Hospitali ya Musoma walipomvua shati, ngozi ilitoka nalo. Mkaguzi akaja kumhoji. Kwa maumivu yale shemeji alishindwa kusema Kiswahili, akasema Kijita tu, na mkaguzi hakukijua. Nikawa mkalimani.

Dada, haya ndiyo aliyosema: "Burito ndiye aliyeifunga. Asipelekwe jela, atanitunzia watoto."

Ni kweli, niliifunga mimi alipokuwa anakula. Nilitaka meneja anisifu. Lakini mkaguzi nilimwambia mgonjwa anakiri kwamba valvu ameifunga mwenyewe, na anaomba msamaha. Shemeji alinisikia. Kusema alishindwa, kuelewa alielewa. Akanitazama, na hakutamka neno tena mpaka alipokata roho kesho yake.

Ndiyo maana aliandikwa mhujumu, na ndiyo maana wakwe zako wa Bugwema walikufukuza. Nililijua hilo siku nilipokuja kukubebea vyombo.

Bomba limezibwa, injini imewashwa, na mimi ndiye fundi wake sasa. Nimekuandikia kwa kuwa uliomba. Usimwonyeshe mtu barua hii. Ukiipeleka ofisini nitasema si mwandiko wangu, na wataniamini mimi.

Nisalimie mama, mwambie sukari nitaleta Krismasi. Watoto waambie mjomba wao anawakumbuka.

Ni mimi mdogo wako,
Burito