Kibuyu Kilichozidisha Mzigo

Winnipeg,
Jumapili jioni

Mama Chebet, dada yangu,

Chamgei. Naomba barua hii ikukute umeketi, si umesimama katikati ya michai ukiisoma haraka haraka na kikapu mgongoni. Magoti yanaendeleaje na baridi ya Silibwet? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Nilisikia mvua ya mawe imepiga upande wa Kaplong, nikajiuliza kama majani yako yalipona. Mimi ni mzima. Theluji imeanza na asubuhi vidole vinakakamaa, lakini nakula na ninalala.

Sasa niseme kilichonishikisha kalamu. Nimekupigia simu mara nyingi na hushiki. Mara ya mwisho ulisema, "Umeweka mama kwa mnada," ukakata. Nikipiga kwa Chebet ananiambia, "Uncle, mama ako kwa ng'ombe." Ng'ombe gani huyo anayekamuliwa kutwa nzima? Najua umekaa hapo kando yake unasikiliza. Basi naandika, kwa sababu karatasi huwezi kuikata katikati ya sentensi. Nataka ujue kibuyu cha mama kilifikaje sokoni, na sasa kiko wapi. Soma mpaka mwisho kabla hujamwambia mtu yeyote neno.

Unakumbuka tulivyoanza. Mashine za kuchuma chai zilipoingia mashamba makubwa na wanawake wakaambiwa warudi nyumbani, ninyi mkaunda kikundi mkageukia vibuyu vya maziwa, na mimi nikasema nitawauzia huku kwenye mnada wa mtandaoni. Ninaweka picha, watu wanapandisha dau kwa siku kadhaa, muda ukiisha aliye juu anachukua. Vibuyu vyenu vinapendwa. Lakini kila mnada unapofungwa, Chebet ananipigia kama mtunza hazina, si kama mpwa.

"Uncle, usikasirike. Wamama wanauliza. Bei tumeona kwa simu. Hiyo ingine imeenda wapi?"

"Imekatwa ada."

"Ada ya nini tena? Si ni wewe umeuza?"

"Wenye soko wanakata kwa kila kinachouzwa."

"Hata posta wamekata? Posta si pesa ya stempu?"

"Hata posta."

Kimya. Halafu, kwa sauti ya chini, kama anayemwonea mtu huruma: "Sawa, uncle. Nitawaambia hivyo."

Mama Chebet, hicho kimya kiliniuma kuliko tusi. Niliondoka huko kijana, nimezeekea ugenini, na sasa wanawake niliosoma na mama zao wanadhani ninakula jasho lao. Kwa hiyo nilieleze jambo hili mara moja, maana kosa lote lilipitia hapo.

Mnunuzi hulipa bei ya kitu pamoja na posta. Wenye soko hawakati ada yao kwenye bei peke yake. Hujumlisha bei na posta, kisha hukata kwa jumla hiyo. Yaani ile pesa ninayompa karani wa posta, ambayo mimi sili wala ninyi hamli, nayo inakatwa. Posta ikiwa kubwa, ada inakuwa kubwa. Na nchi hii ni pana sana. Kutuma kibuyu kimoja upande wa pili wake ni ghali karibu sawa na kibuyu chenyewe. Ndiyo sababu niliandika chini ya kila picha: ukinunua zaidi ya kimoja, nitavifunga katika sanduku moja, na utalipa posta mara moja. Sanduku la vibuyu vitano halitumwi kwa gharama ya masanduku matano. Mnunuzi anapona, ada inapungua, nanyi mnabakiwa na zaidi. Niliona nimefanya akili.

Shehena yenu ya mwisho ilikuwa na vibuyu vitano. Nilikaa sakafuni nikavipiga picha kimoja kimoja. Kimoja kilikuwa cheusi kuliko vingine, chenye mkanda mpana wa ngozi mpya na shanga nyeupe kiunoni. Nikafikiri, huyu mama aliyekitengeneza amejua kukausha. Kisha nikafanya ninavyofanya siku zote: nikapima kimoja, nikaviandikia vyote uzito huo huo. Sikufungua kifuniko hata kimoja. Vibuyu vya kikundi huja vimesafishwa, vitupu, nami ninauza umbo na shanga.

Vyote vitano vilichukuliwa na mtu mmoja, mwanamke anayeitwa Doreen, anayeishi mbali sana mashariki, karibu na bahari. Usiku huo huo akaniandikia: "Umeahidi sanduku moja. Nitumie hesabu mpya kabla sijalipa." Nikapiga hesabu ya posta kwa uzito niliokuwa nao, nikamtumia, akalipa papo hapo. Nikapata amani. Nilijiambia safari hii Chebet hatanyamaza kile kimya chake.

Kesho yake nikabeba sanduku hadi posta. Foleni ilikuwa ndefu, watu wamevaa makoti na kila mmoja ana haraka zake. Karani akaliweka sanduku kwenye mizani, akatikisa kichwa.

"Umepita mstari kidogo. Daraja la juu ni karibu mara mbili. Utaongeza au utapunguza?"

"Haiwezekani. Nilipima nyumbani."

"Mzee, mizani haibishani na mtu. Kaa kando uangalie."

Nikakaa kwenye benchi, nikafungua sanduku, nikaanza kuvitikisa vibuyu kimoja baada ya kingine kama mtu anayetafuta mbegu. Kile cheusi kikalia ndani. Nikavuta kifuniko.

Dada, harufu ilitoka kabla sijaona kitu. Moshi wa senetwet, ule mti ambao mama alichoma mkaa wake kusugulia vibuyu. Katika jengo lile lenye taa nyeupe na harufu ya gundi na plastiki, nikanusa jikoni mwetu. Nikaingiza vidole, nikatoa vipande vya mkaa vilivyofungwa kwenye pembe ya kitambaa cha kichwa cha mama, kile cha maua ya kijani alichokivaa kila Jumapili.

Mama hakuwahi kumpa mtu wa nyumbani chombo kitupu. Ukienda kuazima ungo kwake, unarudi na mahindi ndani yake. Nilipoondoka, sanduku langu la nguo lilikuwa na viazi vitamu katikati ya mashati. Mgeni anaweza kuuziwa kibuyu kitupu. Mtoto wake, hapana. Hapo ndipo nilipojua kwamba hicho hakikuwa cha kikundi. Nikasogeza ule mkanda mpya wa ngozi kwa ukucha, na chini yake nikaukuta ule ufa wa kibuyu cha mama, alioushona mwenyewe kwa uzi wa buluu wa gunia la kubebea majani, mishono yake mikubwa, iliyolala upande, kwa sababu alishona bila miwani.

"Mzee!" karani akaita. "Unatuma au hutumi?"

Nikavirudisha vitu vyangu sandukuni, nikatoka nje kwenye baridi. Ndipo nilipokupigia.

Najua nilianza vibaya. Nilikuuliza kwa ukali mbona hukuniambia. Nawe ukanijibu, "Ningekuambia nini? Nibandike karatasi juu yake, hiki ni cha mama, nimekutumia wewe? Nimeweka mkaa ndani, nikafunika ule ufa usiendelee kupasuka njiani. Mtu wa kwetu akipewa kibuyu, si anafungua?" Kisha ukauliza, taratibu, "Kwani wewe ulikifanyia nini?" Nami nikakuambia. Yaliyofuata unayajua.

Nimeyawaza maneno yako. Mtu wa kwetu akipewa kibuyu anafungua. Kweli. Mimi nilikipiga picha.

Jioni ile nikampigia Doreen. Nilidhani lingekuwa jambo jepesi: nitoe kimoja, nirudishe pesa yake na sehemu ya posta, atume salamu. Nikamweleza kwamba kimoja kiliingia kwa makosa, ni cha marehemu mama yangu.

"Kipi?" akauliza.

"Kile cheusi. Chenye mkanda mpana."

Akacheka, si kwa ubaya. "Bwana Arap," ndivyo anavyoniita, anadhani Arap, yaani 'mwana wa', ndilo jina langu, "hicho ndicho nilichokitaka. Vile vinne nilivinunua kwa sababu ulisema posta ni moja. Vingine ni vizuri, lakini ni vipya. Hicho kimetumika. Kinaonekana."

"Kimetumika na mama yangu."

"Basi mtu asiyetaka kuuza vitu vya mama yake asiviweke sokoni."

"Nilikuwa sijui."

"Mimi ningejuaje? Nimeshinda, nimelipa hesabu uliyoniletea wewe mwenyewe. Marehemu mume wangu alikusanya vyombo vya maziwa vya kila mahali, na nafasi ya mwisho kwenye rafu yake nimeiacha wazi kwa ajili ya hicho." Sauti ikalegea kidogo, kisha ikakaza tena. "Nitumie vyote vitano, au nirudishie pesa yote na nitasema nilichotendewa. Nakupa mpaka Ijumaa."

Sikumwona kuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Alikuwa na haki. Ukurasa wetu haujawahi kuwa na alama mbaya hata moja, na huku mnunuzi husoma alama kabla ya kuangalia picha. Alama moja ya mtu aliyelipa na asitumiwe, na dau la vibuyu vyenu litashuka. Upande mmoja niliona karo za watoto wa kikundi. Upande wa pili mishono ya uzi wa buluu. Na wewe hushiki simu. Nilitaka uniambie tuma, au uniambie usitume, ili niwe na wa kumlaumu.

Alhamisi nikalifunga tena sanduku, vibuyu vyote vitano ndani. Nikabandika anwani yake. Nikavaa koti. Mlangoni nikakumbuka kwamba vipande vya mkaa bado viko mezani, ndani ya kile kitambaa. Nikasimama pale na kofia kichwani. Nikaona kwamba ili mzigo usipite mstari wa mizani ingebidi nikitume kibuyu cha mama kitupu. Nikavua koti.

Nimemrudishia Doreen kila senti, bei na posta. Mwambie Chebet, kwa kuwa atauliza: sehemu kubwa ya ada wenye soko wameirudisha, kile kidogo walichobaki nacho nimekilipa mimi, hakigusi kikundi. Vile vinne viko kwangu salama. Nitaviweka tena sokoni, na safari hii nitafungua kila kifuniko na kupima kila kimoja. Huenda dau likawa dogo. Ikiwa wanawake wataona afadhali wamtafute muuzaji mwingine, sitakuwa na kinyongo. Nitamwachia huyo ukurasa na kumfundisha.

Doreen aliandika alichoahidi. Kiko pale juu kabisa ya ukurasa, kila mtu anakiona: "Muuzaji alipokea pesa kisha hakutuma." Chebet ameshaniletea ujumbe: "Uncle, hiyo tunaweza report itolewe. Inatuharibia." Mwambie aiache. Huyo mama hakusema uongo. Sikutuma.

Kibuyu kiko hapa mezani ninapoandika. Jana nilichoma mkaa wako, nikakisugua ndani kwa kijiti cha mwavuli kwa kukosa ufito wetu wa sosiot, na king'ora cha moshi kikalia mpaka jirani wa juu akashuka na taulo begani akiuliza kama nyumba inaungua. Nilimwambia ninaosha chombo. Alinitazama kwa muda, akarudi kwake. Kisha nikachemsha maziwa ya dukani, maziwa mepesi yasiyo na mafuta ya maana, nikayaacha yapoe, nikayamimina na kufunika. Sijui kama yataganda yawe mursik au yatakuwa aibu. Ule mshono hauvuji. Nilikiinamisha juu ya sinki nikingoja tone, na halikuja. Sikuwepo alipozikwa, Mama Chebet. Hii ndiyo mara ya kwanza nimeshika kitu alichokishika yeye tangu siku ile ya viazi vitamu. Umefanya vizuri kunitumia. Umefanya vizuri pia kunikasirikia.

Nisalimie shemeji, na asiache kuvaa ile sweta nene anapopeleka majani kwenye kituo cha kununulia. Nisalimie mama mwenyekiti wa kikundi. Mwambie mwenyewe habari hii, asiisikie kwa simu za watu. Shangazi yetu wa Soin mpe mkono wangu, na kaka mdogo pale ng'ambo ya mto umwambie bado ninamngojea aniandikie. Chebet, mtunza hazina wetu, mpe barua hii aisome, ile sehemu ya ada hasa. Mkipita penye kaburi la mama, mwondoleeni magugu kwa niaba yangu.

Barua ikifika, Chebet anijulishe, nami nitakupigia Jumapili ile, mkitoka kanisani. Nitakuwa nimekifungua kibuyu na kuonja. Usiwe kwa ng'ombe.

Kaka yako,
Kipsang arap Langat