Bakuli Halirudi Tupu

Gihosha, Bujumbura
Mwezi wa Shawwal

Kwa ndugu yangu mpenzi Kaltum, Ujiji,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta umekaa barazani kwako, na mguu umepungua uvimbe. Wajukuu wasiache kukukanda kwa mafuta ya moto, nawe usiache kuwaombea. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, isipokuwa magoti, ambayo sasa yananiruhusu kuswali juu ya kiti tu. Moyo ndio hauna utulivu, na kwa ajili yake nimeshika kalamu.

Bintiyo Ruqaya hajambo. Jiko lake kule mtaa wa Asiatique limeshika. Watu wanampigia simu, naye anawapelekea pilau, sambusa na maharage ya nazi mpaka milangoni. Kwa kuwa petroli imekuwa ya kutafutwa, mpelekaji wake alitumia baiskeli. Jina lake ni Astère, mtu mzima mwenye watoto, Mkristo, mkazi wa Jabe, zamani fundi wa kujenga. Ungeijua milima ya huku Gihosha, ungeelewa nikisema kwamba baiskeli ile hupanda kwa kusukumwa na hushuka kwa kuombewa.

Ramadhani yote Ruqaya alinitumia futari kwa mkono wa Astère, na habari ya bei hakutaka kuisikia. Alisema mjomba halipi chakula cha mpwa wake. Nikaona basi haki iliyobaki juu yangu ni kumkumbuka aliyekibeba. Hapa mjini kuna desturi ya kumwachia mtu kama huyo kitu kidogo, wenyewe wanaita "ya fanta". Lakini kumtia noti mkononi mwanamume mwenye familia, langoni, majirani wakitazama, kulinielemea. Nikamkumbuka mama yetu, ambaye hakurudisha bakuli la jirani tupu hata siku ambayo nyumbani hamkuwa na kitu ila chumvi, alirudisha chumvi. Kwa hiyo kila jioni Astère alipofika, nilimkabidhi bakuli la jana likiwa limeoshwa, na chini ya mfuniko nimekunja noti yake. Alilipokea kwa mikono miwili, akaniaga, noti hakuitaja. Niliupenda ukimya ule. Nilidhani ni mtu anayejua kwamba kilichofunikwa hakitajwi.

Baada ya Idd, Astère aliomba aongezewe mshahara. Ruqaya alikataa, wakabishana, na kama ilivyo ada ya ukoo wetu, wakaja kwangu niamue. Jirani yangu Dévote, muuguzi, alikuwa amekuja kunipima presha, akabaki.

Ruqaya alieleza kwamba mchele na mafuta vimepanda, na kwamba wateja humpa Astère chochote, hata huenda akamshinda kipato yeye mwenye jiko. Astère akajibu kwamba wengine wanatoa, na wengine wanafunga lango kabla hajageuza baiskeli. Siku ya mvua, alisema, wote wanampa pole, "na pole haipikwi, Baba." Tulicheka, hata Ruqaya. Dévote akadakia: "Muzee, ya fanta si mushahara. Mi wagonjwa wananishukuruaka. Ospitali inanikataka mushahara juu ya asante yao?" Ruqaya akamjibu kwamba hospitali haiuzi sambusa.

Mimi nilijiona ninao ushahidi ambao wao hawana. Nikamwuliza Astère kwa upole kama katika nyumba yangu hakupata kupewa kitu. Akanitazama usoni. "Apana, Baba. Apa napewaka maji tu. Na ni ya baridi, asante."

Kaltum, moyo wangu ulijifunga pale pale. Sikumfedhehesha mbele ya watu, na hata kwa hilo nilijisifu. Nilisema tu kwamba mshahara ubaki ulivyo, kwa kuwa asiyekiri kidogo hatakiri kingi. Astère hakubishana. Aliteremka na baiskeli mpaka jikoni, akaiegemeza ukutani, akamkabidhi Ruqaya ufunguo wa kufuli, na hajarudi. Nasikia sasa anaamkia kwenye majengo kutafuta kibarua, na mara nyingi anarudi nyumbani kama alivyotoka.

Jana Ruqaya alikuja mwenyewe na chakula, akitweta kwa mlima. Bakuli la mwisho la Astère lilikuwa bado kwangu, na noti yake ndani. Nikalisogeza mbele yake. Akalifunua mbele yangu, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake, akaitoa ile noti, akanibusu mkono. Akasema Mwenyezi Mungu anizidishie, na kwamba mwezi mzima hakunishukuru kwa mdomo kwa sababu bibi yake, mama yetu, alimfundisha kuwa kinachorudi ndani ya bakuli ni cha mpishi, na hakitangazwi. Nikamwuliza kama Astère alipata kulifunua. Alilishangaa swali. Alikuwa amemkataza kufunua chombo cha mteja, kikiwa kimejaa au kitupu, na Astère hakufunua kamwe.

Basi mtu yule alisema kweli, nami nilimhukumu kwa ushahidi ambao macho yake hayakupata kuuona. Ruqaya naye hakuiba. Kwa desturi ya mama, ile ilikuwa haki yake. Na kuna lingine, ambalo sijui nikuambie vipi ila hivi. Fedha zile aliziweka, akakununulia kitenge cha Idd, kile ulichoniandikia habari zake kwa furaha, ukisema wanawake wote waliokuona siku ya swala walikisifu. Umevaa jasho la Astère, ndugu yangu, na huna kosa. Sikuombi ukivue.

Sisi wawili tulifundishwa chuoni kwamba jasho la mfanyakazi lina haki yake na haraka yake. Hatukufundishwa hali ya jasho linapogawanywa kati ya mwenye jiko na kila mwenye lango. Nilichotoa kilikuwa nini? Kwa nia yangu kilikuwa sadaka. Kwa bakuli, zawadi ya mpishi. Na kingemfikia Astère, kwa hesabu ya Ruqaya kingekuwa sehemu ya mshahara ambao hakuulipa. Nikitoa, anaona mshahara unatosha. Nisipotoa, mtu amepanda mlima kwa maji ya baridi. Nilipomweleza Ruqaya noti zile zilikuwa za nani, alilia; alipokwisha, aliniuliza kama akimwongezea Astère, mimi nitaacha kutia kitu bakulini. Nimefungua vitabu vyangu usiku na asubuhi, na kila ukurasa unanipeleka kwa mwingine.

Moja tu ninalo hakika. Kesho, baada ya Alfajiri, nitateremka Jabe. Dévote amekubali kunishika mkono, na Ruqaya atakuwepo. Mbele ya wale wale walioisikia hukumu yangu, nitamwambia Astère kwamba yeye ndiye aliyesema kweli, na kwamba hukumu ile imefutika. Ruqaya amekubali kuongeza, ila kiasi gani, bado anabishana na nafsi yake. Kama Astère atataka kuishika tena baiskeli ile, sijui, na sina uso wa kumwomba.

Bakuli alilolileta Ruqaya jana liko mezani ninapoandika. Nimeliosha, nimelifuta. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sijui nilirudishe vipi: tupu, nivunje ada ya mama, au na kitu ndani, nami sijui ni cha nani. Kwa leo nimeliacha wazi, bila mfuniko.

Nisalimie wakubwa kwa wadogo hapo nyumbani, uwabusu wajukuu kwenye paji la uso. Na katika dua zako mtangulize Astère, kisha Ruqaya, kisha mimi.

Nakutakia amani, mimi nduguyo,
Moosa