Matone kwenye Pindo la Kanga

Jumapili, 13 Julai
Mapigo tisini na mawili. Moja linaruka, mawili yanafuatana. Nimeyahesabu kabla ya kuamka, kidole kwenye mkono, kama kila asubuhi tangu nistaafu kazi ya kuwatia wagonjwa usingizi. Uji nusu bakuli. Miguu imevimba.

Zena amekuja mchana na viazi na asali. Binti yangu ana miaka hamsini na sita, anauza vitenge hapa Isevya, anahudumia kila mtu. Jambo moja hafanyi: hamnyweshi mgonjwa. Kikombe hukiweka mezani, akageuka. Majirani husema ana maringo. Mimi najua sababu. Nimeijua miaka arobaini na tisa.

Jumatatu, 14 Julai
Nimeanguka. Nilitaka maji, kikombe kilikuwa mbali, sikutaka kumwita. Nyonga imevunjika. Hospitali.

Wamenichoma ganzi kinenani huku wakiitazama sindano kwenye kioo cha mashine. Maumivu yakaondoka kama mtu aliyeitwa nje. Zamani tuliwaacha wazee walie hadi siku ya upasuaji. Niliwaacha.

Jumanne, 15 Julai
Mtaalamu wa usingizi ni Dokta Kulwa, binti wa Kisukuma mwenye sauti kubwa.

"Shikamoo, mwalimu wetu! Nimeambiwa uliwalaza nusu ya Tabora."

"Marahaba. Wengi waliamka."

Amecheka. Mimi sikucheka.

Ameusikiliza moyo wangu muda mrefu. Umechoka, hakunificha. Huenda nisivuke upasuaji. Lakini nikibaki kitandani nitakufa kidogo kidogo, kwa vidonda na mapafu. Kesho saa tatu. Ganzi ya mgongo, nitakuwa macho. "Utatusengenya, babu." Niende na miwani yangu, na mtu wangu akae karibu hadi mlangoni, ili akili isipotee. Sisi tuliwavua wazee kila kitu.

Nimemwuliza kuhusu mashine. Siku hizi mgonjwa akiwekewa mpira wa kupumulia, mstari unapanda na kushuka kwenye kioo kwa kila pumzi. Mpira ukiingia njia ya chakula, mstari haupandi. Wanajua papo hapo. Nimeuliza mara mbili.

Kisha akasema: "Chakula basi tangu usiku. Maji matupu, kunywa mpaka saa moja asubuhi. Mambo ya kiu ya usiku kucha tumeacha."

Zena alikuwa anakunja shuka. Akasimama. "Hata matone, dokta? Mgonjwa akiloweshwa midomo?"

"Matone? Hayaui mtu, mama. Hata kikombe."

Zena amenitazama. Ametoka nje na shuka mkononi.

Jumanne, jioni
Niandike kabla mkono haujakataa.

Nyamizi, mke wangu, mama yake Zena, wa Kwihara. Aliniita Bwana Usingizi. "Leo umewalaza wangapi? Mimi hunilazi." Halafu yeye ndiye wa kwanza kulala, mguu wake juu ya wangu. Nautaka uzito wa mguu ule. Wajukuu ninao, nyumba ninayo. Nautaka mguu ule.

Aliugua kidole tumbo. Daktari alikuwa Urambo, tukamngoja kuanzia usiku hadi alasiri. Asile, asinywe. Amri yangu. Aliomba maji hadi sauti ikakauka. Zena, miaka saba, alichovya pindo la kanga mtungini, akamlowesha midomo. Nilimwona. Nikamfukuza.

Mtu wa usingizi nilikuwa peke yangu. Kumlaza mkeo mwenyewe haifai, lakini nani mwingine? Mpira niliupitisha njia ya chakula. Kifua hakikupanda. Nilijiambia kimepanda. Nilipokubali, kucha zilikuwa zimeshageuka buluu.

Nje mama mkwe aliniuliza imekuwaje. Zena amesimama pembeni yake, pindo bado limelowa. Niliogopa jela. Niliogopa ukoo wake. Nikasema, "Alinyweshwa maji. Yameingia mapafuni."

Wote wakamgeukia mtoto.

Nyamizi sikumwua kwa makusudi. Zena nilimfanyia makusudi.

Jumatano, 16 Julai
Nimemwambia Zena. Alfajiri, yote kwa mpangilio, kama ripoti.

"Nilikuwa na miaka saba," amesema.

"Ndiyo."

"Nilipojifungua niliogopa kumnyonyesha mwanangu. Ulijua ni kwa nini?"

"Nilijua."

Ameondoka. Hakuniita Baba. Kikombe kiko mezani, alipokiacha. Muuguzi amepita, sikumwomba. Saa moja asubuhi imepita. Naenda na kiu. Nyamizi alikwenda nayo.

Miwani ninayo. Mtu wangu sina.

Ijumaa, 18 Julai
Niko hai. Mapigo mia na kumi, hayana mpango. Dokta Kulwa amekuja mara tatu leo. Hatanii tena.

Zena amekuja asubuhi. Ameweka uji mezani, akageuka. Kwenye kitanda cha jirani kuna mzee, mkulima wa tumbaku, ametoka kupasuliwa. Ndugu zake bado wako njiani. Akaomba maji.

Zena alimtazama. Akaenda kumwuliza muuguzi. Akarudi. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamwinua kichwa, akamwekea kikombe mdomoni. Maji mengine yakamwagikia mzee shingoni.

"Pole pole, mzee wangu. Yapo mengi."

Akamfuta kwa pindo la kanga. Akamimina tena.

Nimevaa miwani nione vizuri.