Hatua ya Kumi na Saba

Jumatatu, 4 Machi

Mwenzangu wa zamani amekuja mjini kumwona binti yake. Miaka arobaini na moja hatujaonana. Tulijifunza karate kwa mwalimu mmoja, kule kwetu, kabla sijakimbia. Jioni nikampeleka ukumbini awaone wanafunzi wangu. Alikaa kwenye benchi, akawatazama wakipitia mfululizo wetu wa hatua, akaanza kucheka peke yake. Kulikoni?

"Hatua ya kumi na saba. Mbona wote wanachechemea?"

Nikamwambia ndivyo tulivyofundishwa.

"Mwaka ule mwalimu wetu alikuwa ameumia goti, bwana. Wewe uliondoka kabla hajapona."

Jumanne, 5 Machi

Sikula mchana. Ni kweli — nusu hatua, mguu wa kushoto unaburutwa, mwili juujuu. Nilidhani ni siri ya ndani. Niliiandikia hata maelezo, kurasa tatu! Nimelivusha goti bovu la mtu mipaka miwili kama urithi, nikawagawia watu wazima na akili zao.

Na Jumamosi Fundi anatahiniwa mkanda mweusi. Mshona nguo, mama wa watoto wawili, yuko nami mwaka wa kumi na mbili. Mwaka jana watahini walimwangusha. Waliandika: hatua ya kumi na saba haina mzizi. Nikamwambia hawajui kitu. Akaniamini. Chama cha karate kinaruhusu kutahiniwa mara mbili tu.

Jumatano, 6 Machi

Mwenzangu kanionyesha hatua yenyewe. Ndefu, goti likunjwe hadi paja lilale sambamba na sakafu. Yeye ni mnene, ana kisukari, na bado anashuka kama lifti.

Mimi nimejaribu chumbani, nimeshika kabati. Goti la kushoto limegoma. Miaka yote hiyo ya kuliburuta — sasa limekuwa bovu kwelikweli, langu mwenyewe. Nimeanguka mara mbili. Mke wangu akachungulia: wenzako wa miaka sabini na moja wanaota jua, wewe unapigana na kabati, na kabati linashinda.

Samaki mkunje angali mbichi. Mimi nimeshakauka. Nilishuka tena.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwambia Fundi. Alikuwa kwenye cherehani, pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wake wa pini.

"Kwa hiyo mwaka jana walikuwa sahihi."

Ndiyo.

"Umejua lini?"

Jumatatu.

"Leo Alhamisi, mwalimu."

Nikaanza kueleza paja, nyayo, pumzi. Akanikatiza, kwa adabu ile inayouma kuliko tusi.

"Usinifundishe kwa mdomo. Jumamosi unatangulia wewe. Utakachofanya, nitafanya."

Ndiyo desturi ya chama: mwalimu hufanya kwanza, mwanafunzi humfuata. Akimwacha mwalimu wake, ameanguka. Nikichechemea, ameanguka pia. Na mimi nikidondoka katikati — basi.

Ijumaa, 8 Machi

Mara ishirini. Kumi na nne nimeanguka. Mke wangu amenifunga bandeji ngumu. Nikiwa nayo sianguki kabisa, ila goti halikunjiki zaidi ya nusu.

Jumamosi, 9 Machi

Ukumbi wa chama. Watahini watatu, meza moja, jagi la maji. Naandika nikiwa kwenye benchi, tukisubiri zamu. Mwenzangu yuko safu ya mwisho na binti yake. Fundi kajishonea suti mpya, nyeupe. Amekaa kando yangu.

Wamemwita aliye mbele yetu. Amemaliza.

Mtahini mkuu ananiuliza kwa sauti: mzee, goti hilo limefungwa, utaweza kutangulia, au mwanafunzi wako afanye peke yake kwa kumbukumbu? Kwa kumbukumbu — maana yake nusu hatua iliyomkaa mwilini miaka kumi na miwili.

Fundi anatazama mbele.

Nimesema nitatangulia. Nafungua bandeji. Ni ndefu kuliko nilivyodhani, nazungusha, nazungusha — Fundi ameinama, ameshika ncha, anaikunja taratibu jinsi anavyokunja kitambaa cha mteja. Ananyoosha mkono apokee na daftari hili, zamu yetu imefika.