Siku Uliyojizungushia Mwenyewe

Mwanangu Mwanaidi,

Nimekuandikia barua mbili tu maishani. Ya kwanza ilikuwa ya onyo. Uliisoma umesimama, ukaikunja mara nne, ukaitia kwenye mkoba. Hii ni ya pili. Naiandika wazi, anayetaka aisome, kwa sababu simu yako haipatikani tangu Januari, na pale Jangwani ulipokuwa umepanga wanaishi watu wengine. Nasikia uko Kilwa kwa mama yako mdogo. Mzee Salim, jirani yangu wa duka la udi, ana wateja wa huko, na ameahidi kuwapa nakala. Mmoja wao atakujua.

Leo ni siku ya tatu baada ya Krismasi, na mimi niko Kariakoo. Rudia kusoma hapo kama huamini.

Unakumbuka siku uliyokuja kuomba kazi? Alikuwapo mteja aliyeleta uzi wenye mafundo, ndio vipimo vya madirisha yake, na mimi nilikuwa nagombana naye kwamba duka la mapazia halipimi kwa uzi. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni unasubiri zamu yako. Ukauchukua ule uzi mkononi mwake, ukaunyoosha juu ya kaunta, ukasema, "Fundo hili ni sebuleni, haya mawili ni vyumbani, si ndiyo mama?" Akasema ndiyo. Akanunua mapazia ya nyumba nzima. Sikukuuliza cheti wala barua ya mtendaji wa mtaa. Nilikuuliza tu kama unaweza kuanza kesho.

Ulikaa kwangu miaka tisa. Kila asubuhi nilikuwa nasikia "Shikamoo Baba Neema" kabla sijauona uso wako, maana ulikuwa unaisema ukiwa bado unavuka barabara. Mke wangu alikuwa ameshatangulia, na Neema mwenyewe yuko ughaibuni, hupiga simu Jumapili akikumbuka. Kwa hiyo sauti ya kwanza ya siku yangu ilikuwa ni hiyo yako. Sikujua kama ni kitu kikubwa. Nilidhani ni salamu.

Halafu mama yako akapata kiharusi, na mimi nikaanza kutumia peni nyekundu.

Niseme ukweli wote, kwa kuwa hapa hakuna wa kunikatiza. Ile kalenda ya parokia niliyotundika nyuma ya kaunta ilikuwa ya kunikumbusha sikukuu. Mimi niliigeuza kuwa ya kukuwinda. Kila siku uliyokosa niliizungushia duara jekundu. Ukimpeleka mama kliniki, duara. Ukichelewa kwa sababu amekataa kunywa uji, nusu duara. Mtu mmoja mwenye duka kubwa aliniambia mfanyakazi hurekebishwa kwa maandishi, nami nikajiona bosi kweli kweli.

Ile siku mvua ilipojaza bonde la kwenu Jangwani, ulinipigia asubuhi. "Baba, maji yameingia ndani. Nimempandisha mama juu ya meza." Unakumbuka nilikujibu nini? Nilikuuliza, "Sasa na wewe umepanda meza hiyohiyo?" Nilidhani nakutania. Ukasema, "Hapana baba, mimi nimesimama kwenye maji, nimemshika asianguke." Nikakata simu, nikachukua peni.

Na huyo mama yako nilikuwa nakula chakula chake. Kila Ramadhani, hata alipokuwa ameshapooza upande mmoja na anakuelekeza kwa mdomo tu, alikuwa ananitumia futari kwa mkono wako kwenye ile hotpoti ya kijani. Tambi za nazi, muhogo, siku nyingine kunde. Mimi Mchaga, mkatoliki, mjane, sifungi hata saa moja, na bi mkubwa wa Jangwani ananihesabu kati ya watu wa nyumbani kwake. Ulikuwa ukiniambia, "Mama anauliza kama imekolea." Nilikuwa nakujibu, "Mwambie imekolea." Miaka yote hiyo sikufika kwake hata mara moja. Kutoka dukani hadi kwenu ni mwendo wa miguu. Sura yake siijui, Mwanaidi, naijua mikono yake tu.

Duara zilipokuwa nyingi nikakuandikia lile onyo. Nakumbuka nilivyolipamba. "Uhudhuriaji usioridhisha kwa sababu za kifamilia." Nililipenda neno hilo la kifamilia, nikaona limekaa kiofisi. Tangu siku hiyo hukuomba ruhusa tena. Ulikuwa unafika kabla yangu, unafagia hadi mbele ya kwa Mzee Salim, unaondoka fundi wa mwisho akishafunga cherehani yake. Nilikwenda kujisifu kwake kwamba nimekunyoosha. Mzee Salim aliendelea kupanga chupa zake, akasema tu, kwa jina analowaita Wachaga wote, "Mangi, huyo binti anacheka siku hizi?" Sikumwelewa. Nilikuwa sijaangalia.

Sasa tufike Desemba, maana ndiko nilikokuwa nakwenda.

Wewe ndiye uliyekuwa unanicheka kila mwaka. "Baba, nenda ukahesabiwe, sisi wenye mji tutakulindia Bongo." Wachaga wote wa mtaa wetu wanapakia magunia na watoto kwenda kula Krismasi kwetu mlimani, Kariakoo inabaki na pengo la wiki tatu, na mimi duka langu halifungwi kwa sababu nina Mwanaidi. Nilikuwa nakupa funguo, orodha ya mapazia yaliyoahidiwa, na namba ya fundi. Kisha napanda basi, nalala usingizi mzuri hadi Korogwe.

Mwaka jana, siku mbili kabla ya safari, ulinifuata stoo. Ulikuwa umeshika kitambaa cha sampuli, unakikunja na kukikunjua. Ukasema, "Baba, naomba mwaka huu nisibaki. Mama amedhoofu. Hataki kulishwa na mtu mwingine, wala mimi sina ndugu hapa mjini wa kumwachia." Nikakwambia tiketi nimeshakata. Ukasema, "Hata wiki moja, baba. Tufunge wiki moja tu." Nikakwambia Krismasi na mwaka mpya ndipo watu wanapobadilisha mapazia, hujui hilo? Nikirudi utapumzika utakavyo. Ukasema sawa. Ulipotoka stoo nilitazama kalenda, nikashukuru kwamba Desemba yako ilikuwa safi.

Basi nikaenda kuhesabiwa. Nikuambie nani alikuwapo kunihesabu. Kaka yangu aliumwa mguu, akabaki Arusha. Neema alisema nauli ya ndege imepanda, tutaonana kwenye video. Wapwa zangu walikuja, wakala mbuzi, wakaondoka na gari zao. Ile nyumba niliyoipaka rangi na kuitia mapazia mazuri kuliko ya wateja wote, nilikuwa nazunguka ndani yake peke yangu, nafungua chumba hiki, nafunga kile. Kwa hiyo nilikuwa nachukua kigoda, nakwenda kukaa mgombani, kwenye kaburi la mama Neema. Nang'oa majani, napaka chokaa, namwambia habari za dukani. Habari zako pia nilimwambia. Nilikaa naye kadiri nilivyotaka, wala hakuna mtu aliyenizungushia duara.

Hapo ndipo uliponipigia, siku ya tatu baada ya Krismasi, asubuhi. Nimekaa kwenye kigoda, simu iko mapajani, naona jina lako. Nikajua unaomba ruhusa. Ikakatika. Ukapiga tena, nikaitazama tena. Ya tatu sikuitazama kabisa. Kisha nikakuandikia ujumbe, ambao mpaka leo ninao: "Niko kwenye kikao cha ukoo. Kama ni ruhusa, subiri nirudi." Hapakuwa na kikao, Mwanaidi. Palikuwa na mimi na kaburi. Ukanijibu maneno mawili, "Sawa baba."

Niliporudi mwanzoni mwa Januari, duka lilikuwa linang'aa. Mapazia yote yaliyoahidiwa yalikuwa yametoka, na kwenye orodha umetia alama kila jina. Ukaniamkia, ukanipa pole ya safari, ukaniuliza kama watu wa nyumbani hawajambo. Nikasema hawajambo wote. Jioni ukaweka funguo juu ya kaunta. "Baba, mimi kesho sitakuja tena. Nisamehe pale nilipokukosea." Nikafikiri umenuna kwa sababu ya ile ruhusa, utarudi Jumatatu. Hata kukusindikiza hadi mlangoni sikukusindikiza.

Mzee Salim ndiye aliyenijia baada ya siku tatu. "Mangi, kwa binti umefika?" Nikamuuliza kuna nini. Akanieleza amesimama, hakutaka kukaa. Kwamba asubuhi ile mtoto wa jirani yenu alikuja mbio hadi dukani kukwambia mama amekata kauli. Kwamba ulishika simu ukapiga mara tatu, mbele yake, ukasoma ujumbe, ukafunga duka, ukaondoka. Ukamkuta ameshakwenda. Alizikwa alasiri hiyohiyo. Na kesho yake asubuhi, matanga yakiwa hayajaisha, watu wamekaa mkekani kwenu, wewe ukaja kufungua duka. Mzee Salim alikwambia rudi nyumbani, ukamjibu, "Mapazia ya watu yameahidiwa, na baba hayupo."

Nilikwenda Jangwani siku hiyo kwa miguu, nauliza mtaa kwa mtaa njia ya nyumba ambayo ningekuwa nimeijua kwa miaka tisa. Mama mwenye nyumba akaniambia umehama jana. Akanionyesha chumba. Ile meza ilikuwa bado ipo.

Nilirudi dukani kubadilisha kalenda, kama ninavyofanya kila Januari. Nikaifunua ile ya zamani kwenye Desemba ili niitoe msumarini. Desemba nzima haikuwa na alama, maana mwenye peni alikuwa mlimani. Ila siku moja ilikuwa na duara jekundu. Siku ya tatu baada ya Krismasi. Si mkono wangu, mimi duara zangu hazifungi vizuri. Hiyo ilikuwa imezungushwa taratibu, imefunga barabara. Ulimzika mama yako, ukaja kesho yake, ukatafuta peni yangu kwenye droo, ukajiandikia utoro.

Kalenda ile sijaitoa. Imekaa hapo mwaka mzima, na wateja huniuliza mbona inaonyesha mwaka uliopita.

Nimeajiri binti mwingine. Hajakosa hata siku moja. Hana mgonjwa, hana msiba, na salamu pia hana, ameziba masikio kwa visikilizio asubuhi hadi jioni. Ndiye mfanyakazi niliyekuwa namtafuta katika lile onyo langu. Tunakaa wawili humu ndani kama abiria wasiojuana. Ramadhani ilikuja ikapita, jioni nikawa namtazama kila mtu anayevuka barabara na chombo mkononi. Hotpoti ya kijani ninayo bado, ile ya mwisho. Kwenu chombo hakirudishwi kitupu, nami nilikuwa nasubiri nipate cha kutia. Nimekiosha mara nyingi kuliko kinavyohitaji.

Mwaka huu sikwenda kuhesabiwa. Wapwa walipiga simu, nikawaambia nina kazi. Wiki iliyopita nilizitoa kalenda za zamani, ambazo huwa nazikunja na kuziweka juu ya kabati, nikazifungua Desemba moja baada ya nyingine. Nikachukua peni ileile, nikazungushia siku zangu. Wiki tatu, wiki tatu, wiki tatu, miaka tisa. Mkono ulichoka. Kumbe mtoro wa duka hili kwa sababu za kifamilia nilikuwa mimi, na wewe ndiye uliyekuwa unanishikia nafasi. Nilipewa muda wa kukaa na maiti wangu, nikakunyima wa kukaa na mama yako yu hai. Naona aibu, mwanangu. Hakuna neno la kiofisi la kulipamba hilo.

Sikuombi urudi kazini. Ningependa, nisikudanganye, lakini siombi. Naomba ruhusa ya kuja Kilwa nikupe pole yako, nikuletee chombo cha mama. Ukisema hapana, nitakuwa nimejibiwa kama nilivyojibu.

Leo asubuhi nimemwambia yule binti abaki nyumbani. Sikufungua duka. Nimebandika karatasi mlangoni, "Tumefunga, msiba," nikatoa benchi nje nikakaa. Watu wa mtaa walipita wananipa mkono. Mzee Salim alivuka na birika la kahawa, akakaa kando yangu, akasema, "Pole Mangi. Umefiwa na nani?"

Nikamwambia, "Mama yake Mwanaidi."

Akanigeukia. "Si alifariki mwaka jana?"

"Ndiyo, mwaka jana," nikamwambia. "Ila ruhusa nimeipata leo."

Akaweka kikombe chini, akainua mikono akamsomea mama yako dua, na mimi nikavua kofia.

Mungu amlaze pema bi mkubwa wako, na wewe akutunze huko uliko. Futari yake ilikuwa imekolea. Mwambie, unapomwombea, kwamba nimesema mwenyewe.

Ni mimi baba yako wa dukani,
Baba Neema